Kila mutu kuandika mu hati, hiyo haiko demokrasia

Ba kamarade wa Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, Kamalondo, Annexe na katikati ya mji,

Leo hatusemi juu ya umeme wa SNEL wala bei ya unga. Tunasema juu ya kitufe kidogo kilicho mu telefone ya karibu kila mmoja wetu, kile kinachoandikwa «Partager» mu Google Docs. Kuna watakaouliza: «Sasa ile nayo njo mambo ya kuandikia tamko?» Njo yenyewe. Kazi ya harakati ya raia siku hizi inafanyika mu hati za pamoja kabla ya kufika barabarani. Memorandumu inaandikwa mule. Liste ya waliokamatwa inawekwa mule. Franka tunazochanga kwa kununua kitambaa cha banderole zinahesabiwa mule. Mwenye kushika hati njo mwenye kushika harakati, hata kama hakuna mutu alimuchagua.

Na mu harakati za vijana wa mji huu kuna mazoea yaliyokwisha kuota mizizi. Mutu anafungua hati, anaweka «Tous les utilisateurs disposant du lien», anachagua «Éditeur», anatupa kiungo mu gurupe ya WhatsApp ya watu mia mbili. Ukimuuliza juu ya nini anafanya vile, jibu liko tayari: «Sisi hatuna ba chefu. Kila mutu sawasawa.» Ni jibu linalotoka mahali pazuri. Tumechoka na inchi ambayo kila karatasi iko na mwenyewe, na mwenyewe ameenda Kinshasa. Lakini tunasema wazi: kumupa kila mutu ruhusa ya kuandika haiko demokrasia. Ni mlango usio na komeo, na mara nyingi waliolala nyuma ya mlango ule si sisi. Ni majina ya watu wengine.

Tuchukue maneno yenyewe, kwa sababu wengi wanayaona kila siku bila kuyasoma. «Lecteur» anasoma tu. «Commentateur» anasoma na anaweka maoni pembeni. Anaweza pia kupendekeza neno lingine, lakini neno la kwanza linabaki mpaka mwenye ruhusa akubali. «Éditeur» anaandika, anafuta, anahamisha. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kawaida Éditeur anaweza pia kualika watu wengine na kubadilisha ruhusa za wenzake, isipokuwa mwenye hati ameondoa ile alama mu mipango ya kushiriki. Maana yake, ukiweka ba Éditeur kumi, haujaweka watu kumi. Umetoa funguo kumi, na kila mwenye funguo anaweza kuchonga zingine. Juu yao wote kuko «Propriétaire», mwenye hati. Yeye njo anaweza kuifuta kabisa, na yeye njo anaweza kumwachia mwingine umiliki. Tutarudi kwake, maana huyu njo anatutesa zaidi.

Kwanza tuondoe wazo moja. Tunafikiri ruhusa tumempa mutu. Apana. Ruhusa haijue mutu, inajua kompte. Kompte iliyo wazi mu telefone ya kamarade iko sawa na funguo mu mfuko wake: akikamatwa, funguo inakamatwa pamoja naye. Tarehe 15 Machi 2015, kule Kinshasa, maaskari waliingia siku ya kuanzisha Filimbi wakabeba karibu watu 30, na wageni kutoka Senegali na Burkina Faso ndani yao. Fred Bauma wa LUCHA na Yves Makwambala, yule aliyekuwa anatengeneza ukurasa wa intaneti wa Filimbi, walitoka gerezani Agosti 2016. Septemba 2023 ikawa zamu ya mwandishi wa habari Stanis Bujakera: alikamatwa ku uwanja wa ndege wa N'djili, telefone zake zikachukuliwa, na yeye akatoka Machi 2024. Miezi sita. Hesabu wewe mwenyewe ni hati ngapi telefone moja inaweza kufungua kwa miezi sita, kama waliobaki inje hawakufunga mlango usiku uleule.

Na kufunga mlango iko na maana yake kamili. Kutoa jina la kamarade mu liste ya ruhusa haitoshi kama kiungo kingali wazi kwa kila mutu: umemtoa mlangoni, dirisha liko wazi. Lazima kwanza hati irudi ku «Limité», halafu kompte itolewe. Si kwa sababu tunamshuku kamarade. Kamarade yuko ndani, na mwenye kushika telefone yake ni mwingine. Vilevile kwa wale wanaofanya kazi mu siberi kwa sababu nyumbani hakuna umeme: kompte uliyoiacha wazi mu ordinateri ya siberi, yule anayekaa ku kiti baada yako anarithi ruhusa zako zote, na historia ya hati itasema ni wewe uliandika.

Sasa tuje ku majina.

Novemba 2025 maji ya taka ya kiwanda cha madini yalitoka mu bwawa lake yakaingia mu ba kartie za komini Annexe. Wote tuliona picha za watu wakivuka maji yale kwa miguu. Kila mara balaa sawa ile inafika, vijana njo wa kwanza kufungua tablo: jina la mwenye nyumba, avenu, namba ya parsele, namba ya telefone, kisima kimeharibika ama apana, mtoto gani anawashwa ngozi. Ni kazi ya heshima. Bila tablo ya namna ile, malipo yanagawanywa kwa wanaojuana. Lakini mama aliyetoa jina lake alilitoa kwa kijana aliyesimama mu parsele yake, aliyemwona uso, pengine anayemjua mama yake kanisani. Hakulitoa kwa gurupe ya watu mia mbili.

Tablo ile ikiwa na kiungo wazi, nani anaisoma? Wa kampuni anaisoma, anajua nani analalamika na mtoto wa nani anafanya kazi kwake. Wa ofisi fulani anaisoma. Na kuko yule ambaye sisi tunamsahau kila mara, mwizi wa kawaida tu, asiye na siasa. Anachukua namba moja, anapiga: «Mama, mimi ni wa komite ya malipo, jina lako limetoka, tuma kwanza franka ya dosie.» Anajua jina, anajua avenu, anajua kisima. Mama atakataa namna gani? Kama kiungo kile kinamupa ruhusa ya Éditeur, hana hata haja ya kupiga. Anabadilisha namba ya telefone mu mstari mmoja, na siku ya malipo pesa inaenda kwake. Utafungua historia kutafuta nani alifanya, itakuonyesha «anonyme», juu aliingia kwa kiungo bila kompte.

Wengine watasema: basi tuwaweke wote ba Lecteur. Kwa majina, hata Lecteur ni mwingi. Mwenye kusoma amekwisha kuchukua. Anaweza kufanya kopi, anaweza kushusha hati yote mu telefone. Na hata ukimkataza vyote viwili, telefone ya pili inapiga picha ya kioo cha ya kwanza. Wala usidanganyike na lile shauri la kuficha ukurasa mmoja ndani ya tablo. Anayefanya kopi yake anaufunua. Majina yakae mu tablo yao peke yao, yenye watu wawili ama watatu, na wengine wapewe hesabu tu: familia ngapi, visima vingapi, avenu gani. Kwa kupigania haki, hesabu inatosha mpaka siku ya tribinali. Siku ile majina yatafika mbele ya muamuzi mu mkono wa wakili, apana mu gurupe.

Jambo lingine dogo, lakini limekwisha kuchoma watu. Jina ulilolifuta mu hati halijatoka. Liko mu «Historique des versions», na kila Éditeur anaweza kurudi nyuma akalisoma. Kama unataka kutoa ripoti iliyokuwa na majina ya mashahidi, fanya kopi mpya, soma kopi ile mstari kwa mstari, toa PDF, tuma PDF. Historia ya zamani haifuati kopi.

Tunajua swali linalokuja, na ni swali la haki: sisi tunaopiga kelele kila siku asema leta inaficha, sasa na sisi tunaanza kuficha? Juu ya hapo tunaomba twende Kenya kidogo. Kenya inchi, apana komini yetu.

Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walichagua rais. Siku chache mbele, Chris Msando, mkubwa wa teknolojia mu tume ya uchaguzi ya kule, IEBC, alikutwa amekufa, mwili wake uko na alama za mateso. Baada ya matokeo Raila Odinga akaenda mahakamani, na jambo moja alilolilia lilikuwa hili hili letu: ruhusa. Tarehe 28 Agosti Mahakama ya Juu ikaamuru tume ifungulie mitambo yake kwa wataalamu wa mahakama na wa pande zote. Kwa kusoma tu. Hakuna aliyeomba kuandika, hakuna aliyeomba kufuta. Lecteur, basi. Walitaka kuona nani aliingia, saa ngapi, na kompte gani. Tume haikufungua vile ilivyoamriwa. Tarehe 1 Septemba mahakama, chini ya David Maraga, ikafuta uchaguzi wa rais, na mu hukumu yake kamili ikasema asema kule kukataa kuonyesha kumeifanya ikubali maneno ya walalamikaji juu ya mitambo ile. Septemba hiyohiyo ikatoka inje barua ya mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, akiwauliza wafanyakazi wake juu ya nini kompte yenye jina lake ilitumiwa maelfu ya mara bila yeye kujua. Unaona? Ruhusa haijue mutu.

Miaka mitano mbele, Agosti 2022, tume ileile iliweka picha za fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 mu intaneti, kila mutu asome. Watu wa kawaida, wenye megabaiti zao, wakakaa wakihesabu wenyewe mu tablo zao. Hakuna aliyeweza kubadilisha hata namba moja mu fomu zile, na hakuna aliyehitaji. Kusoma kulitosha kuwapa nguvu ambayo kupiga kelele mwaka mzima hakungewapa.

Linganisha na sisi. Tulipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikakatwa, ikarudi karibu tarehe 20 Januari 2019. CENI haikutangaza matokeo ya urais kituo kwa kituo. Tuliyoyajua tuliyajua kwa hati zilizovuja na kusomwa na ba magazeti ya Ulaya.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Karatasi ya mwenye nguvu, kila raia awe Lecteur wake. Jina la asiye na nguvu, likae kwa wale aliowaamini. Hizo si sheria mbili zinazogombana. Ni swali moja linaloulizwa kila mara: nani ataumia kama hati hii ikisomwa na kila mutu? Mkataba wa madini ukisomwa na kila mutu, anayeumia ni aliyeiba. Dekreti ya tarehe 20 Mei 2011 inasema kila mkataba juu ya utajiri wa ardhi yetu utangazwe mu siku 60. Iko imeandikwa, iko na sahihi. Tablo ya visima ikisomwa na kila mutu, anayeumia ni yule mama.

Na kuna ruhusa ambayo inatuuma zaidi kuliko ya kusoma. Kodi ya madini ya 2018 ilileta kaye ya masharti kati ya kampuni na watu wa mahali, pamoja na asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo yao. Nani anaandika mu kaye ile? Mara nyingi watu wa kijiji wanaitwa siku ya sahihi, wanasomewa Kifaransa kwa haraka, wanapewa kofia na soda. Wamekuwa ba Lecteur wa maisha yao wenyewe. Sheria ilitaka wawe ba Éditeur. Kijana anayejua tofauti ya maneno haya mu telefone yake anaweza kusimama mu mkutano sawa ule na kuuliza kwa sauti: rasimu iko wapi, nani aliandika ukurasa huu, na maoni yetu ya mara ya mwisho yamewekwa fasi gani?

Lakini hataweza kuuliza hivyo kwa uso mukavu kama mu harakati yake mwenyewe rasimu inakaa mu kompte ya mutu mmoja. Hapa tunarudi kwa Propriétaire.

Mu mji huu kila mutu anajua nguvu ya kashe. Chama cha wanafunzi, chama cha wauzaji wa soko, hata komite ya avenu, ugomvi ukianza swali la kwanza ni: kashe iko na nani? Sasa kashe ya siku hizi ni umiliki wa hati, na hakuna anayeuliza. Hati zote ziko mu kompte ya kamarade aliyezifungua siku ya kwanza. Akioa akapunguza muda, akipata kazi Kolwezi, akienda Kanada, akigombana na wengine, hati zinaondoka naye, hata bila yeye kutaka. Google inaweza kufuta kompte ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili, na hati zake zinaenda nayo. Na msidhani kuweka hati mu dosie ya pamoja kunaponya: mu kompte za bure, hati iliyo ndani ya dosie ya mwingine inabaki ya yule aliyeifungua. Dosie ni yako, karatasi ni zake.

Dawa yake haina ugumu. Mwenye hati anaingia mu «Partager», anachagua mutu, anaomba awe mwenye hati mpya. Yule mwingine anapokea barua, anakubali, kwisha. Dakika mbili na mega kidogo. Tunalolidai ni kwamba jambo hili liingie mu remise et reprise ya kila kikundi. Siku mratibu wa zamani anamkabidhi mpya kashe, vitambaa na deni, amkabidhi na umiliki wa hati, mbele ya watu, telefone ikionekana. Asiyetaka kukabidhi atajulikana siku ileile, apana miezi sita mbele wakati memorandumu inatafutwa.

Kwa maandishi yetu ya pamoja, tunashika njia hii. Kila mwanachama ni Commentateur, na hilo si jambo dogo: maoni yako yanabaki pembeni na jina lako, na mwingine anaweza kukujibu palepale. Watu watatu wanakuwa ba Éditeur wa andiko moja, wanachaguliwa kwa andiko lile, na andiko likitoka wanarudi ba Commentateur sawa wengine. Lakini Commentateur haoni historia ya hati. Ba Éditeur tu wanaiona. Ndiyo maana wale watatu wako na deni kwa wengine: mbele ya kutoa andiko, wanasoma mu mkutano maoni waliyoyakataa na sababu yake. Itachukua muda. Kuna watakaochoka na kuondoka saa ya tatu ya mkutano. Sawa tu, tulishakaa mikutano mirefu zaidi kwa kugombana juu ya rangi ya ba tisheti.

Wengine wanatuuliza juu ya Framapad na CryptPad. Framapad ni rahisi, haiombi kompte, lakini kwa kawaida yeyote mwenye kiungo anaandika. Itumieni kwa ajenda ya mkutano, apana kwa majina. CryptPad inafunga maandishi kwa siri na inatoa viungo viwili, kimoja cha kusoma, kingine cha kuandika, na hiyo inatufaa zaidi. Inataka tu mikono isiyochanganya viungo viwili.

Kuanzia juma hili hati zetu zote zimerudi ku «Limité». Rasimu ya memorandumu juu ya maji na visima iko wazi kwa maoni: kila kikundi cha komini kimtumie mjumbe wake adresi za wanachama wake, watawekwa ba Commentateur. Maoni yanapokelewa hadi mkutano wa mwisho wa mwezi. Tablo ya majina haina kiungo na haitatumwa kwa mutu yeyote, hata kwa mwanachama wa siku nyingi. Mwenye kutaka familia yake iandikwe amwone mjumbe wa kartie yake, akae naye uso kwa uso, na kalamu.